Tishu Haisemi Peke Yake: Kuyapa Majina Madhara ya Sumu katika Ukanda wa Dhahabu



Nimeombwa kuzungumzia kazi ambayo wengi wenu hamuioni ikifanyika. Mgonjwa anachukuliwa kinyama kidogo, kinatiwa kwenye kichupa cha formalini, kinasafirishwa hadi hospitali ya Bugando au ya Muhimbili, na baada ya muda inarudi karatasi yenye maneno machache. Maneno hayo ndiyo yanayoamua yanayofuata: dawa atakayopewa, hesabu atakayoingizwa wizarani na, akiwa mwajiriwa, fidia atakayolipwa au atakayonyimwa. Nataka tuzungumze jinsi maneno hayo yanavyopatikana, na kwa nini hapa kwetu, kwenye ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, ambako zebaki, sayanaidi, aseniki na vumbi la mawe vinawakuta watu ambao tayari wana malaria, kichocho na kifua kikuu, ni rahisi mno kuyakosea.

Msimamo wangu nitausema mapema. Daktari wa patholojia aandike kwanza alichokiona. Kisha, na si kabla, aseme kimesababishwa na nini. Na hilo la pili alitafutie ushahidi nje ya slaidi: kazi ya mgonjwa, mkojo wake, maji anayokunywa, sabuni anayoogea. Anayeruka hatua ya kwanza anamdhulumu mgonjwa. Anayeishia hatua ya kwanza na kukataa kwenda ya pili anamdhulumu vilevile.

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, na mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata. Lakini katikati ya migodi hiyo, tangu miaka ya 1980, yako maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, na huko ndiko yaliko maswali magumu. Jiwe linatoka duarani, linapondwa kwa nyundo, linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga. Unga unapitishwa kwa maji mwaloni, yaani kwenye ubao wa mteremko. Kinachonaswa kinachanganywa na zebaki kwenye beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki inaikamata dhahabu, donge linakamuliwa kwenye kitambaa, kisha linachomwa, na wengi wanalichoma juu ya jiko la mkaa lile lile linalopikia ugali. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, yanauzwa kwa mwenye mtambo wa sayanaidi, naye anayaosha tena. Kila hatua ya kazi hii ina kiungo chake cha mwili inachokigusa: karasha linagusa pafu, jiko linagusa ubongo na figo, mtambo wa sayanaidi unagusa kila kinachokunywa maji karibu yake.

Utafiti ninaouheshimu kuliko wote kuhusu zebaki katika ukanda huu ulifanyika Rwamagasa, mkoani Geita, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na matokeo yake ya kitabibu yalichapishwa mwaka 2010. Watu 180 wa Rwamagasa walipimwa, na 31 wa Katoro, mji jirani usiochimba, wakawekwa kuwa kipimo cha kulinganisha. Kati ya wachomaji 104, watu 25 walikutwa na dalili na vipimo vilivyotosha kuwaita wenye sumu ya zebaki mwilini. Ninauheshimu kwa sababu mbili. Kwanza, waliweka kundi la kulinganisha, jambo ambalo sisi wa hospitali tunalisahau kila siku: hatuwezi kusema figo ya mchomaji imeharibika kwa zebaki kama hatujui figo ya mtu wa mtaa wa pili, mwenye kichocho kile kile na malaria ile ile, inafananaje. Pili, hawakuridhika kupima kiasi cha zebaki nyweleni. Waliuliza ni zebaki ya aina gani. Jibu likawa kwamba sehemu kubwa ilitokana na mvuke.

Hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu huku kwetu jina Minamata limekuwa jina la kila mtetemeko wa mkono. Mkutano wa habari, semina, bango la barabarani: zebaki, Minamata. Ni kweli kwamba mkataba wa kimataifa wa zebaki una jina hilo, kwamba ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, na kwamba Tanzania imeuridhia. Lakini ugonjwa wa Minamata ni kitu mahususi, na historia ya namna ulivyotambuliwa ni somo zuri kuliko yote ninayoyajua kuhusu kazi ya patholojia.

Mwaka 1956, kwenye mji wa Minamata huko Japani, daktari Hosokawa Hajime wa hospitali ya kiwanda cha Chisso alitoa taarifa ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana. Watu walipoteza uwezo wa kutembea, kuona pembeni, kusikia, kuongea. Paka waliokula samaki wa ghuba ile walirukaruka na kufa. Kila aina ya sumu ilitajwa na kila moja ilikuwa na watetezi wake. Mwanapatholojia Takeuchi Tadao wa Chuo Kikuu cha Kumamoto alipozitazama bongo za waliokufa, hakuanza na jina la sumu. Alianza na ramani ya uharibifu: seli ndogo za tabaka la ndani la ubongo mdogo zimepotea, gamba la ubongo la nyuma linalohusika na kuona limekonda, sehemu nyingine zimesalimika kwa kiasi. Ramani hiyo ilikuwa imeshachapishwa. Mwaka 1954 Waingereza Hunter na Russell walikuwa wameeleza ubongo wa mfanyakazi aliyefanya kazi na zebaki ya methili, mmoja wa wafanyakazi walioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Ramani mbili zilipowekwa pamoja, zilioana. Kufikia Julai 1959 kundi la Kumamoto likatangaza kwamba zebaki ya kikaboni ndiyo inayoshukiwa. Serikali ya Japani ilichukua mpaka 1968 kukubali.

Mnaona mpangilio? Maelezo ya kinachoonekana, tena yaliyochorwa kwa uangalifu kiasi cha kuweza kulinganishwa na ya mtu wa nchi nyingine aliyeandika kabla, ndiyo yaliyofungua mlango. Laiti Takeuchi angeandika tu “uharibifu wa ubongo kutokana na sumu”, tusingemkumbuka.

Sasa rudini Rwamagasa. Zebaki ya mvuke si zebaki ya methili. Inaingia kwa pumzi, inapenya ubongoni, inaleta mtetemeko, hasira za ghafla, kukosa usingizi, kusahau. Lakini haichori ramani ile ya Minamata. Ubongo wa mchomaji, ukitazamwa kwa hadubini ya kawaida na rangi za kawaida, unaweza kuonekana mzima kabisa. Zebaki ya methili huingia kwa kula samaki, na samaki wengi wa Ziwa Victoria waliopimwa wamekutwa na zebaki ya chini. Kwa hiyo daktari wa Geita anayeandika “Minamata” kwenye cheti cha mchomaji ameandika jina la ugonjwa wa watu waliokula samaki, na akilipeleka mbele ya mtaalamu wa upande wa pili, litaangushwa kwa dakika tano. Aandike: mtetemeko na mabadiliko ya tabia kwa mtu anayechoma zebaki, mkojo umepimwa, kiwango hiki. Hilo halianguki.

Nikae sasa kwenye figo, kwa sababu ndiko ninakoona makosa mengi zaidi.

Mgonjwa anakuja amevimba miguu na uso, mkojo wake una protini nyingi. Anachukuliwa kinyama cha figo. Chini ya hadubini, kwa rangi ya kawaida, vichujio vya figo vinaweza kuonekana karibu sawa, pengine kuta zake zimenenepa kidogo. Ukitumia rangi ya fedha, unaona vijiba vidogo vimesimama kwenye ukuta wa nje wa utando. Ukiwa na kipimo cha kingamwili zinazong'aa, unaona chembechembe zimejipanga kwenye utando wote. Hii ni nefropathi ya utando. Jina hilo linaeleza umbo tu. Halisemi lolote kuhusu chanzo. Chanzo kinaweza kuwa homa ya ini aina ya B, kaswende, lupasi, saratani, dawa fulani za maumivu, mwili kujishambulia wenyewe, au zebaki. Wenzetu wa India, kwa wagonjwa waliotumia dawa za asili zenye zebaki, wameonesha kwamba protini iitwayo NELL-1 hupatikana mara nyingi kwenye vichujio vya figo za aina hii. Lakini hata hicho ni kidokezo, kwa sababu saratani nayo hukiacha.

Na zebaki ikithibitika, bado swali halijaisha: imetoka wapi? Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za watu wazima waliolazwa kwa kuvimba mwili na protini nyingi mkojoni. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hawakuwa wachimbaji. Mwaka 1999 Mjapani Harada Masazumi, daktari aliyeutumia uhai wake kwa wagonjwa wa Minamata, na wenzake walichapisha vipimo vya nywele vya wachimbaji, wavuvi na wakazi wa jiji la Mwanza. Baadhi ya waliokuwa na viwango vikubwa kabisa hawakuhusika na dhahabu. Sabuni ya kuogea yenye zebaki ndiyo iliyoshukiwa. Kwa hiyo mama wa Kahama mwenye figo ya namna hii, ambaye mumewe ni mwanaapolo, yaani mchimbaji mdogo, aulizwe maswali yote mawili. Aulizwe kama donge linachomwa nyumbani kwake. Aulizwe pia anapaka nini usoni, na aulizwe kwa heshima, pembeni, bila mume wala mawifi kusikia. Tukiliacha swali la pili tutaulaumu mgodi kwa kosa la duka la vipodozi. Tukiliacha la kwanza, tutamrudisha kwenye jiko lile lile. Na hapa kuna jambo linaloupa uchunguzi huu thamani kubwa: wengi wa wagonjwa wa zebaki wa aina hii hupata nafuu wakiondolewa kwenye chanzo. Jina likikosewa, atapewa dawa kali za kushusha kinga, katika mji wenye kifua kikuu, na zebaki ataendelea kuivuta.

Kuna jeraha la pili la figo, la haraka. Mtu akimeza chumvi ya zebaki, mirija ya kwanza ya figo inakufa, hasa ule mkia wake ulionyooka. Jeraha hilo huonekana kwa urahisi kwenye kinyama kibichi. Lakini kwa maiti ni mtego. Mirija hiyo hiyo ndiyo ya mwanzo kuoza mtu akifa, na maiti iliyokaa saa nyingi bila jokofu, kwenye joto la Shinyanga la mwezi wa kumi, itakuonesha mirija iliyofutika viini kana kwamba imelishwa sumu. Tofauti iko kwenye majibu ya mwili. Aliye hai hujibu: seli za ulinzi zinakuja, seli mpya zinagawanyika kujaza pengo, mabonge ya seli zilizokufa yanaziba mirija. Maiti haijibu. Uharibifu ulioenea sawasawa bila jibu lolote uandikwe “kuoza baada ya kifo”, hata kama polisi, ndugu na waandishi wa habari wamesimama mlangoni wakisubiri neno sumu.

Mitego mingine tunaitengeneza wenyewe maabara. Formalini isiyowekewa bafa inageuka asidi, inakutana na damu, inazaa chembe za kahawia-nyeusi ambazo zinafanana sana na rangi inayoachwa na vimelea vya malaria. Zote mbili zinang'aa kwenye mwanga wa polaraiza. Anayeharakisha ataandika malaria kwa mtu asiye na malaria. Utazijua kwa mahali zilipo: za malaria zimo ndani ya seli nyekundu na ndani ya makrofaji zilizozila, za formalini zimetapakaa juu ya damu bila kujali mpaka wa seli. Vilevile ziko dawa za zamani za kuhifadhia tishu ambazo zenyewe zimetengenezwa kwa kloridi ya zebaki, nazo huacha chembe nyeusi kwenye kipande. Fikirieni kijana wa maabara anayetazama slaidi ya zamani ya mchimbaji wa Geita, anaona chembe nyeusi, anajua mgonjwa alishika zebaki. Kishawishi ni kikubwa. Lakini chembe zile zinaondoka slaidi ikioshwa kwa iodini na thayosalfeti, kwa sababu ziliingia kwenye nyama ikiwa tayari iko kwenye chupa.

Tuje kwenye pafu, na hapa nitazungumza kwa uchungu kidogo, mniwie radhi.

Watafiti waliopima vumbi kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini mwetu walichapisha mwaka 2015 kwamba chini ya ardhi wastani wa silika ya fuwele hewani ulikuwa miligramu 16.85 kwa kila mita ya ujazo. Kikomo kinachopendekezwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini ni 0.05. Gawanyeni wenyewe. Kijana anayevuta hewa hiyo hahitaji miaka ishirini ili augue.

Anapoanza kukohoa na kukonda, anaenda zahanati. Eksirei inaonesha madoadoa sehemu ya juu ya mapafu. Makohozi hayaoneshi vimelea. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa dalili tu, miezi sita. Hapati nafuu. Anaanzishiwa tena. Kwenye daftari ameandikwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyerudi. Neno silika halipo popote.

Kwenye tishu, tofauti ipo na ni nzuri kuitazama. Kinundu cha silika ni cha mviringo, kigumu, nyuzi za kolajeni zimezungukana tabaka kwa tabaka kama kitunguu, na ukingoni mwake kuna makrofaji zilizoshiba vumbi. Ukizima mwanga wa kawaida na kuweka polaraiza, chembe ndogo zinang'aa hafifu. Nasema hafifu kwa makusudi: zikiwaka kwa nguvu, yaelekea ni vumbi la aina nyingine, silikati, na mwanafunzi anayesherehekea mwanga mkali amekosea madini. Kinundu cha kifua kikuu kina kitovu kilichokufa, kimezungukwa na seli kubwa zenye viini vingi, na rangi isiyoondolewa na asidi inaweza kukuonesha vimelea vyekundu. Ugumu unakuja pale kinundu cha silika kinapokuwa na kitovu kilichokufa. Hapo usichague. Silika huidhoofisha makrofaji, yaani askari yule yule anayepaswa kumla bakteria, na ndiyo maana mwenye silikosisi huambukizwa kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Mengi ya mapafu ya namna hiyo yana magonjwa yote mawili. Yaandikwe yote mawili.

Pafu la bibi aliyepikia kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa maisha yake yote nalo ni jeusi, nalo lina makovu na vumbi. Asipoulizwa, ataitwa mchimbaji. Na mwanamke aliyeponda mawe kwa nyundo miaka kumi, asipoulizwa, ataitwa mpishi.

Afrika Kusini iliyapitia haya kabla yetu. Sheria zake za fidia kwa mapafu ya wachimbaji zilianza karne moja na zaidi iliyopita, na mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani liliitisha mkutano Johannesburg ambako wataalamu wa nchi mbalimbali walikaa kukubaliana silikosisi ni nini. Haikuwa starehe ya wasomi. Jina la kikohozi cha mfanyakazi ndilo lililoamua kama angelipwa fidia. Mpaka leo, kwa sheria ya huko, moyo na mapafu ya mchimbaji aliyefariki vinaweza kupelekwa kuchunguzwa familia ikiridhia, na jibu la mwanapatholojia likaipatia familia haki ambayo marehemu aliikosa akiwa hai.

Kuhusu ngozi nitapita haraka. Aseniki imo kwenye miamba yenye dhahabu ya ukanda huu na huingia kwenye baadhi ya visima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jamii za wachimbaji wadogo ulikuta wajawazito 155 kati ya 340 wakila udongo, ule mnaouita pemba, na kemia ya udongo huo haikuwa salama. Aseniki huacha vinundu vigumu viganjani na kwenye nyayo. Nani kati ya waponda mawe hana kiganja kigumu? Hadubini peke yake haiwezi kuvitenganisha na sugu la kazi kwa uhakika. Sugu la nyundo linakaa pale nyundo inaposhikwa. Vinundu vya aseniki viko hata pasipoguswa, tena na nyayoni, pamoja na madoa ya ngozi kifuani na mgongoni ambako jua halifiki. Tazameni nyayo. Inachukua dakika moja.

Ndugu zangu wa mifugo, sijawasahau. Ng'ombe watano wakianguka karibu na bwawa la mtambo wa sayanaidi, kijiji kizima kinajua jibu kabla daktari hajafika. Sayanaidi huua kwa kuzizuia seli zisiitumie oksijeni, na inaua upesi mno kiasi kwamba tishu haipati nafasi ya kubadilika. Utakuta damu nyekundu inayong'aa, labda harufu, na baada ya hapo slaidi safi. Hapa kutoona kitu ndicho kinachotarajiwa, na ripoti isiandikwe “hakuna sumu” kwa sababu hakuna jeraha. Lakini Shinyanga ni nchi ya mtama, na mtama mchanga uliochipua baada ya ukame una sayanaidi ya kutosha kumuua ng'ombe vilevile. Damu itakuwa nyekundu vilevile. Fungueni tumbo mtazame amekula nini. Chukueni damu, ini na vilivyomo tumboni mapema, kwenye chombo kilichofungwa kabisa, kwenye barafu, pamoja na maji ya bwawa, vyote viende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, maana sayanaidi hupotea kwenye sampuli iliyozembewa.

Wenzetu wanaopima usalama wa dawa na kemikali kwa panya walishaumizwa na vurugu hii ya majina. Maabara moja iliita badiliko jina moja, nyingine ikaliita lingine, na matokeo hayakulinganishika. Ndiyo maana vyama vya wanapatholojia wa sumu vya Ulaya, Uingereza, Japani na Amerika Kaskazini vikaanzisha mpango wa pamoja uitwao INHAND, unaokubaliana juu ya jina la kila badiliko na vigezo vyake. Kanuni yao kuu ni ile niliyoanza nayo: eleza kwanza, tafsiri baadaye. Wana mfano unaofaa kuutafakari. Panya dume waliovutishwa mvuke wa petroli walipata matone ya protini kwenye mirija ya figo, kisha uvimbe wa saratani. Waliochunguza kwa makini waligundua kwamba matone yale yanatokana na protini ambayo panya dume huitengeneza kwa wingi kwenye ini, na binadamu hana. Mwaka 1991 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani likaamua kwamba uvimbe unaotokana na njia hiyo usitumiwe kukadiria hatari kwa binadamu. Badiliko lilikuwa la kweli na sumu ilikuwa ya kweli, ila haikumhusu binadamu. Wangeliandika tu “figo imeharibiwa na kemikali”, tofauti hiyo isingeonekana kamwe.

Sasa nisemeje kuhusu hapa kwetu? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unamlinda mwajiriwa. Mwanaapolo anayelipwa kwa mgawo wa viroba hana mkataba, hana mwajiri anayemchangia, na anaugua vumbi kuliko aliye na mkataba. Kwake yeye, maneno ya daktari ndiyo ushahidi pekee kwamba kazi ilimuumiza.

Kwa hiyo naomba haya. Kila fomu inayokwenda na kinyama iandikwe kazi ya mtu kwa ukweli: si “mkulima” kwa kila mkazi wa kijijini, bali anachimba, anaponda, anasaga, anachoma au anaosha, na kwa miaka mingapi. Kichupa cha mkojo kiambatane na kinyama cha figo cha kila anayetoka kwenye machimbo. Eksirei za mapafu za wachimbaji zisomwe kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani kabla mtu hajaanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya pili. Vitofali vya nta vyenye tishu zao visitupwe, maana kipimo ambacho hatuna leo kinaweza kufika Mwanza miaka kumi ijayo na kuvisoma. Wataalamu wa mifugo na wa binadamu wapeane slaidi, kwa sababu mbuzi anayelala karibu na jiko la kuchomea anavuta mvuke ule ule.

Na ninyi wachimbaji: ukienda hospitali, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari unachoma zebaki, mwambie unasimama kwenye karasha, mtajie na krimu unayopaka. Daktari asipoandika, mwombe aandike.